Maombi ya Mama na Mtoto Ambaye Hajarudi

Mhadhara uliotolewa Rumangabo, mashariki mwa Kongo, mbele ya wamama wa makanisa ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti

Humu ndani wamo wenye rozari na wamo wenye kitabu cha nyimbo, na mada mliyonipa haibagui kanisa: mama anayewaombea watoto wake mwaka nenda mwaka rudi, asichoke.

Nianze na neno ambalo wachungaji na mapadri waliokaa mbele huenda wasilifurahie. Katika makanisa yetu, toka Goma mpaka Kiwanja, saa ya ushuhuda ina wenyewe. Anasimama mama ambaye kijana wake kapata kazi kwenye shirika, vigelegele. Anasimama wa pili, binti yake alikimbilia Kampala na sasa jina lake limetoka kwenye orodha ya kwenda Canada. Vigelegele, na wimbo juu. Wa tatu, kijana wake alichukuliwa shambani akapelekwa msituni, juzi karudi amekonda, lakini yu hai. Hapo kanisa zima linasimama, na hata mpiga ngoma anafuta machozi. Ni haki yao washangilie. Lakini tupa jicho kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango. Yupo mama mwenye mtoto mgongoni, na mtoto huyo ni mjukuu wake. Amefunga siku zile zile walizofunga wenzake, amekesha mikesha ile ile. Mwanawe hakurudi, na hakuna aliyewahi kumwita mbele. Anapiga makofi na wengine, na huku moyoni anapiga hesabu: kama wenzangu wamejibiwa kwa sababu ya imani yao, basi mimi nimenyimwa kwa sababu imani yangu ni pungufu.

Nimepanda kutoka Goma kuja kuipinga hesabu hiyo.

Nyinyi wa Rumangabo hamhitaji mgeni awafundishe kungoja. Mnaishi kati ya vitu viwili vinavyoita vijana: kambi kubwa ya jeshi, na makao makuu ya Mbuga ya Virunga. Oktoba 2008 waasi wa CNDP waliingia hapa. Julai 2012 wakaja waasi wa M23. Mwishoni mwa Oktoba 2013 jeshi la serikali likairudisha kambi, na mwishoni mwa Oktoba 2022 M23 wakaichukua tena. Kila bendera ilipobadilishwa, wapo vijana waliovaa sare na wapo waliovua, na wamama walijitwisha godoro na sufuria wakaishika barabara ya Kibumba, wengine mpaka Kanyaruchinya, wengine mpaka Goma kwenyewe, ambako nako vita viliwafuata Januari 2025. Na upande wa mbuga je? Tarehe 24 Aprili 2020, si mbali na hapa tulipokaa, walinzi 12 waliuawa kwa shambulio moja, pamoja na dereva na raia wanne. Walinzi waliokufa kazini katika Virunga wamepita 200. Mbuga yenyewe imetimiza miaka 100 mwaka 2025, na wageni wakiitaja wanataja gorila. Wamama wa hapa wakiitaja wanataja pia cherehani, ile karakana ya ushonaji wanakofanya kazi wajane wa walinzi.

Sasa niwape fumbo, na naomba tusilikimbilie kulijibu. Wachukueni wamama watatu wa hapa Rutshuru. Wa kwanza mwanawe yuko FARDC, jeshi la serikali. Wa pili mwanawe yuko M23, labda kwa hiari, labda kwa kamba. Wa tatu mwanawe kajiunga na Wazalendo, wanamgambo wanaopigana na M23. Wote watatu wamebatizwa. Wote watatu, usiku mmoja, wamepiga magoti kwenye sakafu ya udongo na kusema neno moja: Bwana, mrudishe mwanangu salama. Asubuhi vijana wale watatu wanakutana kwenye kilima kimoja. Mungu afanye nini? Aangalie mama aliyelia zaidi? Ahesabu siku za kufunga? Tunaohubiri kwamba mama akiomba vya kutosha mwanawe hapatwi na neno, tunamfanya Mungu kuwa kamanda wa upande mmoja, na tunawageuza wale wamama wawili waliobaki kuwa walioshindwa kuomba. Mimi siwezi kusimama mbele ya jeneza nikasema hivyo, na wale wanaosema, nawaomba wakaseme wakiwa wameshika mkono wa mama aliyefiwa.

Kuna njia nyingine ya kulitazama jambo hili, nayo haikutoka Ulaya. Ilitoka hapa Afrika, kwa mama ambaye Wakatoliki wanamwadhimisha tarehe 27 Agosti, na ambaye Waprotestanti nao hawana sababu ya kumwogopa. Monika alizaliwa karibu na mwaka 331 huko Tagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras, mashariki mwa Algeria. Mumewe, Patrisi, hakuwa Mkristo kwa sehemu kubwa ya ndoa yao, na alikuwa mtu wa hasira. Walizaa watoto, mmoja wao Agostino, tarehe 13 Novemba 354. Kijana alikuwa na akili kali. Akaenda Karthago kusoma, akaanza kuishi na mwanamke bila ndoa, akapata naye mtoto wa kiume, Adeodato. Alipofika miaka 19 akajiunga na dhehebu la Wamani, akabaki nao miaka tisa hivi, akiwacheka Wakristo wa kawaida kama mama yake.

Monika alifanya nini? Kwanza alikasirika kabisa, akamkatalia kukaa naye nyumba moja na meza moja. Hili huwa tunaliruka tunapomhubiri, tukidhani mtakatifu hakasiriki. Baadaye aliota ndoto kwamba amesimama juu ya ubao akilia, na kijana mwenye kung'aa akamwambia atazame: pale aliposimama yeye, na mwanawe yupo. Alipomweleza Agostino, yule bingwa wa maneno akajaribu kuigeuza: basi maana yake wewe utakuja upande wangu, mama. Monika hakuchukua hata dakika. Hapana, sikuambiwa mimi nitakuwa alipo yeye. Niliambiwa yeye atakuwa nilipo mimi. Agostino alikuja kukiri kwamba lile jibu la haraka lilimgusa kuliko ndoto yenyewe.

Kisha Monika akamwendea askofu mmoja, mtu aliyelelewa na Wamani hao hao na kuwatoka, amwombe akabishane na mwanawe. Askofu akakataa. Kijana bado amelewa upya wa mambo hayo, mwache, ataona mwenyewe akisoma. Monika hakuondoka. Aliendelea kulia na kusihi mpaka askofu akachoka naye, na ni katika ule uchovu alipomwambia aende zake, haiwezekani mtoto wa machozi kama hayo apotee. Maneno hayo leo yanapambwa kwenye kadi na kuta za sakristia. Napenda tukumbuke yalitoka kwenye kinywa cha mtu aliyekuwa anataka kumtoa mama mlangoni. Wamama mnaosumbua maparoko baada ya misa, mna mtangulizi.

Lakini usiku ninaoutaka ni mwingine. Mwaka 383 Agostino aliamua kwenda Roma. Monika alimfuata mpaka bandarini Karthago, kamshika: ama urudi nyumbani nami, ama tuende wote. Mwana akamdanganya. Akasema anamsindikiza tu rafiki anayengoja upepo, akamshawishi mama alale karibu na pale, kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani. Usiku kucha Monika akaomba. Aliomba nini? Kwamba mwanawe asiondoke. Upepo ukavuma, tanga likajaa, na asubuhi mama akasimama ufukweni peke yake.

Ombi la usiku ule lilikataliwa. Waziwazi, bila kona. Na kwa kukataliwa huko, Agostino akafika Roma, kutoka Roma akapata kazi ya ualimu Milano mwaka 384, na Milano akamsikia Askofu Ambrosi. Mwaka 386 akageuka. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 akabatizwa pamoja na Adeodato. Agostino mwenyewe alipoandika maisha yake aliliona: Mungu hakumpa mama kile alichoomba usiku ule ili ampe kile alichokuwa akiomba siku zote.

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Mama ana maombi mawili, na mara nyingi hayatofautishi. Lipo ombi la usiku: asiondoke, arudi, apone, apite mtihani, risasi isimwone. Na lipo ombi la miaka: awe mtu wa Mungu, awe mtu wa haki, asiuze roho yake. Ombi la usiku ni halali kabisa. Yesu mwenyewe aliliomba Gethsemane, kikombe kimwepuke, na hakuna aliyemwambia ana imani haba. Wale wamama watatu wa kilima kimoja, maombi yao ya usiku yanagongana. Maombi yao ya miaka hayagongani hata kidogo. Mungu anaweza kuwapa wote watatu wana wenye kukataa kuchoma nyumba, kukataa kumgusa binti wa mtu, hata pale ambapo hawapi wote watatu wana wa kurudi nyumbani.

Kabla sijaendelea, nimtendee haki mwanamke mmoja ambaye hasemwi. Yule aliyeishi na Agostino miaka karibu 15 na kumzalia Adeodato. Monika alipofika Milano, mwaka 385, mipango ikafanywa ya kumtafutia Agostino mchumba wa hadhi yake, na Monika alikuwamo katika mipango hiyo. Mwanamke yule akarudishwa Afrika. Aliondoka akiweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine, na mtoto akamwacha kwa baba yake. Jina lake hatulipati kwa Agostino. Miaka michache baadaye Adeodato akafa, angali kijana. Mwanamke huyo naye alikuwa mama, naye bila shaka alikuwa na magoti. Kanisa halina sikukuu yake. Nalisema hili kwa sababu mama anaweza kumwombea mwanawe kwa machozi ya kweli, na papo hapo akamkanyaga mama mwingine kwa ajili ya heshima ya mwanawe. Tunawajua. Kuna mama mkwe anayekesha kanisani Ijumaa, na Jumamosi anamfukuza mkazamwana kwa sababu hajaleta ng'ombe wa kutosha au ni wa kabila lisilotakiwa. Maombi hayafuti jambo hilo.

Turudi kwetu. Mfano wa ombi la miaka uko Goma, kilomita chache kutoka nyumbani kwangu, na wengi hapa mnamfahamu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria, akaajiriwa na OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia. Nje ya kazi alikuwa na Jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, akikaa na maibobo, wale watoto wa barabarani ambao wengine wetu tukiwaona tunabana mkoba kwapani. Mwaka 2007 ulifika mikononi mwake mzigo wa mchele ulioharibika. Akapewa pesa aupitishe. Akakataa. Wakaongeza, akakataa tena. Mchele ukateketezwa. Tarehe 7 Julai akatekwa, na tarehe 9 mwili wake ukaonekana, una alama za mateso. Alikuwa ametimiza miaka 26 mwezi uliotangulia. Papa Francis alimtaja mbele ya vijana Kinshasa Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa mwenyeheri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, wakati Goma yenyewe ikiwa chini ya M23. Mama yake alikuwapo.

Maombi ya mama huyo ni siri yake na Mungu, siyachunguzi. Nasema tu la kwetu sisi wengine. Kila mama hapa amewahi kuomba: Bwana, mwanangu asiwe mwizi. Bwana, mwanangu awe na moyo wa kuwahurumia watu. Hatulitamki kwa woga, tunalitamka kama kitu cha upole, kama vile kuomba mvua ya kiasi. Basi lile ndilo ombi hatari kuliko yote katika nchi hii. Mtoto akiwa mtu wa haki kwenye kizuizi cha barabarani, kwenye ofisi ya forodha, kwenye kituo cha kupigia kura, ndani ya kambi, ana adui tayari. Kijana anayepokea bahasha anarudi nyumbani jioni na mkate. Ukiniuliza ni mama yupi aliyejibiwa, yule wa bahasha au yule wa Floribert, nitajibu bila kusita, na nitajibu nikiwa natetemeka, maana nami nina watoto.

Hii haimaanishi tuwaombee watoto wafe. Mtu asitoke hapa akasema hivyo. Tunaomba waishi, tena tunaomba kwa nguvu. Lakini pale ambapo mtoto ameuawa kwa sababu alikuwa mwema, tusimwambie mama yake kwamba maombi yake yalianguka chini. Yalifika. Yalifika kabla ya wauaji.

Na yule ambaye mtoto wake hakufa kwa jambo lolote kubwa? Aliyekanyaga bomu akitafuta kuni, aliyepotea kwenye purukushani ya kukimbia, aliyechukuliwa akiwa na miaka 14 na hakuna habari tena? Huyo hana simulizi ya kumfariji. Kwa huyo Biblia ina mama mmoja ambaye sisi wahubiri tunamkwepa, kwa sababu hatujui tumfanyie wimbo gani. Ni Rispa, katika 2 Samweli sura ya 21. Wanawe wawili, Armoni na Mefiboshethi, waliuawa pamoja na wajukuu watano wa Sauli, watu saba kwa siku moja, kwa kosa ambalo si lao, kulipa deni la damu la Sauli. Miili yao ikaachwa mlimani. Ilikuwa mwanzo wa mavuno ya shayiri. Rispa akachukua nguo ya gunia akaitandika juu ya mwamba, akakaa pale. Mchana aliwafukuza ndege, usiku aliwafukuza wanyama wa mwituni. Akakaa hivyo mpaka mvua ilipowanyeshea kutoka mbinguni. Hesabuni wenyewe, nyinyi mnaolima, ni miezi mingapi toka mavuno mpaka mvua. Na wenzetu wanaokaa juu ya mawe ya volkeno ya Nyiragongo wanajua kulala juu ya mwamba kukoje.

Rispa haandikwi neno hata moja. Hajaomba kwa maneno, hajatoa ushuhuda, hajalaani mtu. Anafukuza ndege tu. Kwangu mimi hayo ni maombi ya kudumu kuliko mengi niliyosikia kwenye vipaza sauti. Habari zikamfikia Mfalme Daudi. Daudi akaenda kukusanya mifupa ya Sauli na Yonathani, na mifupa ya wale saba, akaizika kwa heshima. Na sura ile inasema ni baada ya hapo Mungu alipoyasikia maombi kwa ajili ya nchi. Soma vizuri utaratibu wake: njaa ilikuwa miaka mitatu, mfalme alishaomba, watu saba walishauawa kwa madai kwamba ndiyo dawa. Mungu hakuridhia mpaka mama alipofanya serikali iwazike watoto wake.

Ndiyo maana nasema mama anayeuliza mwanangu yuko wapi hajaacha kuomba akaingia siasa. Mama anayekwenda kambini kuuliza jina, anayekwenda Msalaba Mwekundu kuandikisha jina, anayerudi wiki inayofuata akaambiwa hakuna habari, na akarudi tena, yuko kwenye maombi. Yule mjane wa Luka 18 hakukaa chumbani. Alimwendea hakimu, na Yesu alimtumia yeye kufundisha kwamba imetupasa kumwomba Mungu siku zote wala tusikate tamaa. Mwanamke Mkanaani alimfuata Bwana barabarani akipiga kelele mpaka wanafunzi wakamwomba amwondoe. Monika alipanda meli. Sioni katika Maandiko wala katika historia ya Kanisa mama wa maombi ambaye miguu yake ilikaa bure.

Nimefika kwenye manabii wa vyumba vya maombi. Nitapita haraka, kwa sababu mnawajua kuliko mimi. Tangu vita vizidi, vyumba hivyo vimeota Goma kila mtaa, na baadhi ni vizuri kweli, watu wanapewa uji na bega la kulilia. Lakini vipo ambavyo mama aliyepoteza mtoto akiingia anaambiwa apande mbegu, na mbegu hiyo ni dola. Akikosa, auze mbuzi. Mtoto asiporudi, anaambiwa mbegu ilikuwa ndogo, au kuna mchawi katika ukoo, na kwa kawaida mchawi huyo ni bibi mzee au mtoto yatima. Monika naye alikuwa na mazoea yake. Alizoea kwenda kwenye makaburi ya mashahidi na kikapu chenye uji mzito, mkate na divai, kama ilivyokuwa desturi ya Afrika ya kwao. Alipofika Milano mlinzi wa mlango akamzuia: Askofu Ambrosi amekataza. Hakugomba. Kikapu akakiacha, kile alichokuwa nacho akakiweka kwa ajili ya maskini. Kama yeye aliweza kuacha kikapu, na sisi tunaweza kuacha chupa ya mafuta inayouzwa kwa mama mwenye njaa. Na homa ya mtoto ipelekwe kwenye kituo cha afya kwanza. Daktari Mukwege wa Bukavu ametusimulia kwamba alipokuwa mtoto alimfuata baba yake, mchungaji, kumwombea mtoto mgonjwa, akamuuliza kwa nini hakumpa dawa. Baba akamjibu kwamba yeye si daktari. Pale yule mtoto akaamua atakuwa mtu wa dawa, baba aendelee kuwa mtu wa sala. Kila mmoja kati yao aliona kazi yake ni nusu ya kazi moja.

Hapa kwenu kuna cherehani, basi niwaulize wajane wa ile karakana: nguo ya mtoto ambaye humwoni, unaikata kwa kipimo gani? Hana, mama wa Samweli, alikuwa na tatizo hilo. Alimtoa mwanawe akae hekaluni Shilo, na kila mwaka, inasema 1 Samweli sura ya 2, alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Kila mwaka ilibidi akadirie amekua kiasi gani: mabega yamepanuka, mikono imerefuka. Asingeweza kumpelekea kanzu ya mwaka jana. Wamama wengi tunawaombea vijana wetu kwa kipimo cha zamani. Kijana ana miaka 22, ameona maiti, pengine ameua, na mama bado anamwombea kama yule wa darasa la pili aliyekuwa mtiifu. Siku akirudi, yule aliyekuwa anaombewa hayupo, na huyu aliyerudi hatambuliki, ananywa, anapiga kelele usiku, anaogopwa na wadogo zake. Kanisa lililopiga vigelegele Jumapili aliporudi, Jumatano linamkimbia. Mwombee huyu wa sasa, pamoja na alichofanya. Mwulizeni Mungu habari zake za leo. Na mkimwona, mpeni kanzu inayomtosha.

Monika alikufa mwaka ule ule wa ubatizo, 387, huko Ostia, wakingoja meli ya kurudi nyumbani. Alikuwa na miaka 56. Kwa muda mrefu alikuwa ametaka azikwe kwao Tagaste kando ya mumewe. Alikuwa ameshaandaa mahali. Homa ilipomzidi akawaambia wanawe wauzike mwili popote, wasihangaike, wamkumbuke tu altareni. Mtu akamuuliza haogopi kuuacha mwili mbali hivyo na kwao? Akajibu kwamba hakuna kilicho mbali na Mungu. Wamama ambao mmezika wazazi wenu Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, kwenye makaburi ya wakimbizi ambayo huenda hamtayaona tena, huyo ni mwenzenu. Naye alikuwa kwenye njia ya kurudi nyumbani, na hakufika.

Sasa ninaomba jambo moja kwa viongozi wa makanisa yaliyomo humu, na nimeshalizungumza na baadhi yenu kabla ya mkutano. Jumapili moja kila mwezi, saa ya ushuhuda iwe ya wamama ambao watoto wao hawajarudi. Asilazimishwe mtu. Atakayesimama aseme anachotaka, hata kama ni malalamiko dhidi ya Mungu. Kitabu cha Zaburi kimejaa malalamiko na hatujakitoa kwenye Biblia. Akimaliza, mchungaji asimfafanulie. Asiongeze mstari, asiseme Mungu ana mpango. Akae kimya, kwaya nayo ikae kimya, kisha aitwe mwingine. Sadaka siku hiyo isipitishwe, au ikipitishwa iende kwa hao hao.

Na yasomwe majina ya watoto. Najua mtaniambia habari ya usalama: ukisoma jina la aliye upande huu, watu wa upande ule wanasikia. Ni kweli, sitaki mtu apate taabu kwa sababu ya mhadhara wangu. Basi lisomwe jina la ubatizo peke yake, bila ukoo, bila sare, bila kijiji. Jean, Espérance, Innocent, Furaha. Wa FARDC na wa M23 na wa Wazalendo na wa mbuga na wale wasiokuwa wa mtu yeyote, kwenye orodha moja, kwa alfabeti. Wakatoliki wanaweza kuanza tarehe 27 Agosti. Waprotestanti hawana kalenda hiyo. Wachague Jumapili yao, ila wasisubiri vita viishe ndipo waichague.